Mchoro wa stensili unapovuja kwenye keki ya krimu ya siagi

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaoka keki nyumbani hapa Tanga na nimepata oda ya keki ya harusi ya ngazi tatu. Bibi harusi anataka ipakwe krimu ya siagi na ipambwe kwa stensili yenye michoro ya mtindo wa kanga. Nimejaribu kwenye keki ndogo: mara krimu ya rangi inapenya chini ya stensili na kingo za mchoro zinaota ndevu, mara stensili ikitoka inabeba na krimu ya chini mpaka keki inaonekana. Wenzangu wananiambia niachane na krimu nitumie fondanti, ule utando wa sukari unaokandwa na kufunikwa juu ya keki. Je, ni kweli kwamba stensili haiwezekani kwenye krimu ya siagi katika joto letu, au kuna ninachokosea?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Stensili inawezekana kabisa kwenye krimu ya siagi, hata Tanga, hata mwezi wa Februari, ila inawezekana kwa masharti, na sharti kubwa linatimizwa kabla stensili yenyewe haijatolewa kwenye bahasha yake. Kasoro mbili ulizozieleza, ya krimu kupenya chini ya kingo na ya krimu ya chini kubanduka, zinaonekana kama maradhi mawili, lakini chanzo chake ni kimoja: krimu ya chini haikuwa ngumu vya kutosha kuliko krimu ya juu. Kazi ya stensili ni kazi ya kutofautisha ugumu wa krimu mbili, na ustadi wa mkono huja baada ya hapo.

Tazama kinachotokea. Stensili nzuri ni karatasi nyembamba ya plastiki, mara nyingi ya poliesta, ambayo unene wake ni robo milimita au pungufu ya hapo. Unapopitisha spatula juu yake, unaisukuma krimu iende chini na pia iende pembeni kwa wakati mmoja. Ikiwa chini kuna uso mgumu ulionyooka, plastiki inalala juu yake bila kuacha mwanya, na krimu haina pa kwenda isipokuwa kulijaza tundu la mchoro. Ikiwa chini ni laini, plastiki inabonyea pale unapokandamiza na kuinuka pale pembeni, na krimu inaingia katika mwanya huo. Hizo ndizo ndevu ulizoziona. Wakati wa kuinua nako hali ni hiyo hiyo, kwa kuwa krimu ya rangi inaishika plastiki kwa upande mmoja na keki kwa upande mwingine, na kitakachoachia ni kile kilicho dhaifu zaidi. Uso wa keki ukiwa umeganda sawasawa, kinachoachia ni plastiki. Uso ukiwa bado laini, kinachoachia ni krimu uliyoisawazisha kwa saa nzima.

Kuhusu fondanti, wenzako hawakukudanganya waliposema ni rahisi zaidi kuchorea, kwa sababu uso wake ni mkavu na hauhitaji kugandishwa. Lakini fondanti ni sukari, na sukari hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo katika mji wa pwani nayo inatoa jasho na kunata ikitoka kwenye friji. Tena wageni wengi huibandua na kuiacha pembeni mwa sahani. Bibi harusi ameomba krimu, mpe krimu.

Sasa tuitazame krimu yenyewe. Wengi wetu tunatumia ile rahisi ya mafuta na sukari ya unga, yaani kilo 1 ya sukari kwa nusu kilo ya siagi, na vijiko vichache vya maziwa. Krimu hii ina sifa moja ambayo mafundisho mengi ya video huitegemea: ikiachwa kwenye hewa, uso wake hukauka na kufanya ganda jembamba ambalo unaweza kuligusa bila kidole kunata. Anayefundisha yuko mahali pakavu na pa baridi, anasubiri dakika 15 hivi, anaweka stensili, na kazi inakwenda. Mwanafunzi wa Tanga, Mombasa au Unguja anafanya vile vile na ganda halitokei, kwa sababu ganda hutokea pale maji ya juu ya krimu yanapopotelea hewani, na hewa ya pwani tayari imejaa maji. Mwokaji wa Arusha au Nairobi anaweza kulitegemea ganda kwa siku nyingi za mwaka, wewe usilitegemee. Wewe tegemea baridi.

Ukishakubali kwamba utategemea baridi, mlango mwingine unafunguka, nao ni krimu ya ute wa mayai, ambayo ute na sukari hupashwa moto pamoja juu ya mvuke mpaka kufikia 71°C, kisha hupigwa mpaka ziwe povu zito lililopoa, ndipo siagi inapoongezwa kidogo kidogo. Kipimo cha kuanzia ni gramu 150 za ute, gramu 300 za sukari na gramu 450 za siagi. Haifanyi ganda hata kidogo, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani haifai kwa stensili, kumbe ikiwa baridi huwa ngumu kuliko ile ya sukari ya unga, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni siagi, na uso wake hulainika vizuri sana bila vitundu. Mimi huipendelea kwa ladha. Hata hivyo kwa harusi ya pwani nisingeichagua, kwa sababu siagi tupu huanza kulegea ikipita 20°C na huyeyuka kati ya 32°C na 35°C, na sote tunajua kwamba kadi ya mwaliko ikiandika saa 12 jioni, keki itakatwa saa 4 usiku.

Kwa oda yako ningetumia krimu ya sukari ya unga yenye mafuta ya aina mbili: nusu siagi, nusu mafuta meupe ya kupikia yanayoganda, yale ya kopo yasiyo na harufu. Mafuta hayo huyeyuka kwenye joto la juu kuliko siagi, hivyo krimu inasimama muda mrefu ukumbini, na siagi inabaki kulinda ladha ili mtu asihisi utando wa mafuta kwenye kaakaa. Ukitumia margarini badala ya siagi, soma lebo. Ile yenye mafuta asilimia 80 inafaa. Zile laini za kupaka mkate mara nyingi zina mafuta pungufu na maji zaidi, na maji hayo ndiyo yatakayokufanya uongeze sukari bila mwisho huku krimu ikiendelea kulegea. Sukari uichekeche, hata kama paketi ni mpya, kwa sababu kidonge kimoja kilichoganda kikikwama chini ya spatula huchora mfereji katikati ya mchoro. Ukimaliza kupiga krimu, punguza kasi ya mashine mpaka ya chini kabisa na uiache izunguke dakika 3 au 4 ili hewa itoke; vitundu vya hewa kwenye uso wa keki ni milango ya kuvujia.

Unyoofu wa uso ni jambo ambalo watu hulipita haraka, nami nitakaa hapo kidogo. Stensili ni bapa. Inaweza kujikunja kuzunguka keki ya duara, lakini haiwezi kujipinda kwa pande mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo kama ubavu wa keki una tumbo katikati, au umeingia ndani karibu na sahani, plastiki itagusa sehemu moja na kuelea sehemu nyingine, na pale inapoelea patavuja hata kama krimu ni ngumu kama jiwe. Paka kwanza tabaka jembamba la kufunga makombo, weka kwenye friji mpaka likaze, kisha paka tabaka la pili lenye unene wa milimita 5 hadi 8, na ulisawazishe kwa skrepa ndefu ya chuma iliyosimama wima juu ya meza ya kuzungushia. Halafu chukua rula, isimamishe ubavuni mwa keki sehemu kadhaa, na uangalie kama mwanga unapita kati ya rula na krimu. Ukipita, jaza, sawazisha tena. Tabaka la mwisho likiwa jembamba mno, chini ya milimita 3 hivi, halina nguvu ya kujishikilia na ndilo linalobanduka kirahisi.

Baada ya kusawazisha, keki iingie kwenye friji kwa saa 1 au zaidi, au kwenye friza kwa dakika 15 hadi 20. Usiizidishe kwenye friza mpaka keki ya ndani igande, kwa sababu itakapoanza kulegea itatoa maji kwa muda mrefu sana. Kipimo ni kidole: bonyeza kwa nyuma, mahali pasipoonekana, kwa nguvu ile ile ambayo ungeikandamizia spatula. Kidole kikiacha alama, irudishe. Saa haiwezi kukuambia jambo hili, kwa sababu friji ya nyumbani iliyojaa vyakula na inayofunguliwa kila mara haifikii 4°C tunayoiandika kwenye vitabu.

Tunafika sasa kwenye tatizo ambalo hukulitaja lakini litakukuta mara tu utakapoanza kuigandisha keki ipasavyo, nalo ni jasho. Hewa yenye joto la 30°C na unyevu wa asilimia 80, ambayo kwetu ni hali ya kawaida, huanza kuacha maji juu ya kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya 26°C hivi. Keki iliyotoka kwenye friji ni baridi kuliko hapo kwa mbali sana. Kwa hiyo tangu unapofungua mlango wa friji, matone madogo yanaanza kujikusanya juu ya krimu, na ukichelewa unaweka stensili juu ya maji: krimu ya rangi haishiki, inateleza, na rangi yenyewe inaanza kuyeyuka na kutembea. Unahitaji baridi ili uchore, na baridi hiyo hiyo inakuletea maji.

Njia ya kutoka ni kufupisha muda. Kila kitu kiwe tayari mezani kabla ya kufungua friji: stensili kavu, krimu ya rangi iliyokwisha kukorogwa, spatula, skrepa, karatasi za jikoni, bakuli la takataka za krimu. Toa keki, weka stensili, paka, kwangua, inua, rudisha keki kwenye friji. Katika jiko la pwani una dakika chache tu, na ni afadhali uchore theluthi moja ya keki kwa kila safari kuliko kulazimisha mzunguko mzima ukamalizia juu ya uso uliolegea na kulowa. Kama kuna chumba chenye kiyoyozi, hamishia kazi huko, kwa maana kiyoyozi kinapoza hewa na pia kinaikausha. Feni ni jambo tofauti: ukiielekeza kwenye keki iliyotoka kwenye friji sasa hivi, inaipelekea hewa nyevu kwa wingi zaidi na jasho linaongezeka, manufaa yake ni baadaye, keki ikishapoteza ubaridi, ambapo inasaidia kukausha matone yaliyobaki. Ukiona jasho limeanza, usipanguse. Gusa taratibu kwa karatasi ya jikoni, au rudisha tu kwenye friji, kwani hewa ya ndani ya friji ni kavu na itayanywa maji hayo ikipewa muda.

Stensili nayo isiwekwe kwenye friji. Wapo wanaoipoza wakidhani inasaidia, kumbe nayo inatoa jasho upande wa chini, pale pale inapotakiwa kushikana na keki.

Krimu ya mchoro iwe ile ile uliyopakia keki, ukiitia rangi, kwa sababu krimu mbili za aina moja hushikana na hukatika pamoja kwa kisu. Aisingi ya ute wa yai na sukari, ambayo hukauka ngumu, inatoa kingo kali sana juu ya fondanti, lakini juu ya krimu ya siagi mafuta huilainisha polepole, jasho la keki iliyotoka kwenye friji huifanya inate, na keki ikitikiswa barabarani huweza kupasuka kwa kuwa iko juu ya kitu kinachonepa. Uzito wa krimu ya mchoro uwe wa siagi ya karanga: ikichotwa kwa spatula isidondoke, lakini ikipakwa isivutane wala isiache mikwaruzo. Iliyo nyepesi inapenya chini ya plastiki, na iliyo nzito inang'ang'ania na kuinuka pamoja nayo. Kama imekaa na kuanza kulegea kwa joto, iweke kwenye friji dakika 5 na uikoroge tena kwa mkono.

Kwa upande wa juu wa keki hakuna ugumu mkubwa, stensili unailaza tu na kuishika kwa vidole viwili. Ubavuni ndipo penye kazi. Tafuta msaidizi wa kushikilia, hata kama ni mtoto mkubwa aliyenawa mikono, na tumia tepu ya karatasi kuunganisha ncha za stensili ikiwa inatosha kuzunguka. Wapo wanaotumia pini zenye vichwa. Mimi sizipendi kabisa karibu na chakula, na mwenye kuzitumia anapaswa kuzihesabu kabla na baada. Chota krimu kidogo, anza katikati ya mchoro kuelekea nje, na usirudi nyuma, kwa kuwa mwendo wa kwenda na kurudi ndio unaoinua ncha nyembamba za petali na kuingiza krimu chini yake. Kisha chukua skrepa, ilaze kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, na ukwangue ziada kwa mwendo mmoja mpaka uione plastiki ya stensili ikiwa karibu safi. Wengi huogopa hapa, wanaacha krimu nene juu ya plastiki, na ndiyo inayovuta mchoro wakati wa kuinua. Unene wa mchoro unatakiwa kuwa unene wa stensili, basi. Ukitaka mchoro uliotuna kama plasta ya nyumba za kale za Lamu, nunua stensili nene ya milimita 1 au zaidi. Usijaribu kuupata unene huo kwa kuacha ziada.

Kuinua kunafanywa mara baada ya kukwangua, krimu ya mchoro ikiwa bado mbichi. Anzia ukingo mmoja, vuta plastiki ikitoka nje kwako moja kwa moja, polepole, bila kuiburuza kushoto wala kulia. Kabla ya kuiweka sehemu inayofuata, ioshe au uipanguse pande zote mbili na uikaushe, kwani utepe mwembamba wa krimu uliobaki upande wa chini utachapa kivuli cha mchoro mahali usipopataka. Na ile sehemu uliyokwisha kuichora iwe imeganda kwenye friji kabla stensili haijairudia, maana ukingo wa plastiki lazima uilalie kidogo.

Liko jambo la hesabu ambalo litakuokoa na aibu ya maungio. Mzunguko wa keki ni kipenyo mara 3.14, lakini kipenyo hicho kinapimwa pamoja na krimu. Tuseme bati lako ni la sentimita 20 na umepaka krimu ya milimita 8 kila upande. Kipenyo kimekuwa sentimita 21.6 na mzunguko ni karibu sentimita 68. Kama stensili yako ina urefu wa sentimita 22, ukiirudia mara 3 unapata 66, na unabaki na pengo la sentimita 2 lisilolingana na mchoro wowote. Badala ya kuhangaika na pengo, rekebisha krimu: mzunguko wa 66 unataka kipenyo cha sentimita 21, yaani krimu ya milimita 5 kila upande, na milimita 5 ni unene unaofaa kabisa. Fanya hesabu hii kwa kila ngazi kabla hujapaka tabaka la mwisho. Pale isipokubali, acha pengo liangukie nyuma. Na kwa kuwa keki yako ni ya ngazi tatu, chora kila ngazi peke yake kabla ya kuzipandanisha, ili kila moja iingie kwenye friji ya nyumbani na iweze kuzungushwa kwa urahisi. Vijiti vya kuhimili uviweke baadaye, keki zikiwa bado ngumu.

Kuhusu michoro ya kanga, umepewa kazi nzuri, kwa sababu kanga yenyewe imekwisha kupangwa kwa ajili yako. Ina pindo linalojirudia pembeni, ina mji katikati wenye nafasi, na ina jina. Ningeweka pindo la korosho kwenye ukingo wa chini wa kila ngazi, ningeuacha mji mtupu au wenye alama chache zilizotawanyika, na maneno ningeyaweka ngazi ya kati peke yake. Keki iliyojaa stensili kuanzia chini mpaka juu humchosha mtazamaji, na kila kosa dogo hujirudia mara nyingi.

Kama hupati stensili ya korosho dukani, unaweza kuikata mwenyewe kwa kisu chembamba kwenye karatasi ya poliesta iliyotengenezwa kwa matumizi ya chakula. Picha kuukuu za eksirei, ambazo mafundi wengine huzitumia kwa kuchora ukutani, zisiguse keki, kwani zina tabaka la madini ya fedha na mabaki ya dawa za kusafishia picha. Ukikata maneno kumbuka vipande vya ndani vya herufi. Neno HONGERA lina herufi tatu, O, R na A, ambazo ukizikata kama zilivyo kipande cha katikati kitadondoka na utabaki na tundu. Kila kipande kinahitaji daraja jembamba la plastiki la kukiunganisha na pembeni, upana wa milimita 2 hivi, na daraja jembamba kuliko hapo litapinda ukilipitishia spatula. Mapengo yanayoachwa na madaraja unaweza kuyaziba baadaye kwa ncha ya kijiti, ingawa kwa mtindo wa kanga yanapendeza yakiachwa.

Kwenye rangi, tumia rangi nzito ya jeli, siyo ya maji, na uikoroge saa kadhaa kabla, kwa sababu rangi za giza huendelea kukolea zikikaa. Ukiongeza tone baada ya tone mpaka uione nyeusi sasa hivi, kesho itakuwa chungu na itapaka midomo ya wageni. Kwa nyeusi au kahawia anzia kwenye krimu yenye unga wa kakao. Tatizo la rangi kali katika hewa yetu ni jasho, kwa kuwa tone moja la maji likiteremka kutoka kwenye ua jekundu juu ya krimu nyeupe linaacha mstari usiofutika. Kama bibi harusi hajaamua, mshawishi achukue rangi zilizo karibu, kahawia juu ya rangi ya maziwa, au nyeupe juu ya waridi iliyopauka, ambapo mvujo mdogo hauonekani.

Akitaka dhahabu, kuwa mwangalifu sana. Unga wa kung'arisha unaouzwa kwenye vikopo vidogo upo wa aina mbili, wa kuliwa na wa mapambo tu, na kikopo kuandikwa kwamba hauna sumu hakumaanishi kwamba unaliwa. Mwaka 2018 katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani watoto 6 walitapika na kuhara baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopambwa kwa unga wa namna hiyo, na krimu yake ilikutwa na shaba nyingi. Mwaka uliofuata, huko Missouri, mtoto wa mwaka mmoja alikutwa na madini ya risasi kwenye damu yaliyohusishwa na unga wa mapambo ya keki. Nunua ule tu wenye orodha ya viungo na maelezo kwamba ni wa kuliwa. Muuzaji akishindwa kukuonyesha orodha, uache.

Unga huo, au kakao, unaweza kupakwa kavu kwa brashi laini kupitia stensili. Juu ya keki inafanya kazi vizuri. Ubavuni unga unadondoka na kuchafua, na katika siku yenye jasho unageuka matope, kwa hiyo sikushauri kwa oda hii.

Ndevu zikitokea licha ya yote, usizifute zikiwa laini. Rudisha keki kwenye friji mpaka mchoro ugande kabisa, kisha zikwangue kwa ncha ya kisu kidogo au kijiti cha meno, zitatoka kama maganda na kingo zitabaki kali. Pale krimu ya chini ilipobanduka, jaza kwa krimu laini, sawazisha kwa skrepa iliyopashwa kwenye maji ya moto na kukaushwa, gandisha, uchore upya sehemu hiyo peke yake.

Siku ya kupeleka, keki itoke kwenye friji ikiwa imekwisha kufungwa ndani ya boksi la karatasi ngumu lenye kifuniko, na isifunguliwe njiani. Maji ya hewa yatajikusanya kwenye kuta za boksi, na karatasi itayanyonya badala ya mchoro wako. Iweke kwenye sakafu ya gari iliyo bapa, si kwenye kiti wala mapajani mwa mtu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Ukifika ukumbini iache ndani ya boksi mpaka boksi lenyewe lisiwe baridi tena kwa nje, mara nyingi zaidi ya saa 1, hata kama wapambaji wa meza wanakuharakisha. Halafu ifungue mbali na jua na mbali na madirisha ya upande wa bahari, na uwe na vikopo viwili vya akiba, kimoja cha krimu ya chini na kimoja cha krimu ya mchoro, pamoja na kipande cha stensili kilichooshwa, kwa ajili ya kidole cha mtoto yeyote atakayetangulia kuionja.